Hatua Themanini na Mbili hadi Bombani

Jumamosi iliyopita nilirudi Rodi Kopany kupiga ngoma na kuchekesha watu, kazi ambayo imenilisha kutoka Migori mjini hadi kisiwa cha Remba. Kabla ya kupanda jukwaani nilienda kuliangalia bomba la maji la sokoni. Utaniuliza, rafiki yangu, bomba lina nini? Hilo bomba lina hofu yangu yote ya utotoni.

Nyanya yangu, tuliyemwita Dani, aliuza dagaa wa omena karibu na mashine ya kusaga mahindi. Kutoka kwake hadi bombani zilikuwa hatua themanini na mbili. Nilizihesabu mara mbili, maana hesabu ya kwanza huwa ya mwoga. Na pale kwenye hatua ya arobaini, penye harufu ya mandazi, aliketi mpiga ngoma.

Yule mtu alikuwa kikundi kizima peke yake. Akivaa kofia hii ni chifu, akivaa ile ni shemeji mlevi, akijifunga leso ni mama mkwe. Lakini kilichowatoa watu hata Ndhiwa kuja kumwona ni kingine: alipiga mwendo wa mtu. Unapita zako, ngoma inakufuata hatua kwa hatua, mpaka hata kipofu anakutaja. Alimpiga mwenye bucha, du, du, na tumbo likija nyuma. Wiki nzima mwenye bucha akawa anatokea mlango wa uani. Alimpiga mwalimu wetu wa hesabu mara moja tu, sisi tukaugonga mwendo wake kwenye madawati muhula mzima.

Sasa mimi, mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa. Piga hesabu mwenyewe.

"Huyo akinyamaza, ujue anatafuta," Dani alizoea kusema. Kwa hiyo nilipita wakati ngoma inanguruma tu. Ikinyamaza, najificha nyuma ya magunia, hata kama koo la Dani limekauka.

Siku moja nilikuwa narudi na ndoo imejaa kichwani, ngoma inanguruma vizuri, nikafika mbele ya mpiga ngoma. Ikanyamaza.

Nikapiga hatua. Du. Nikapiga nyingine. Kede. Du… kede. Soko lote likageuka. Makanga mmoja wa matatu akaanza kucheka.

"Wewe! Huyo ni mjukuu wangu!" Dani alisimama na mkebe wa kupimia mkononi.

"Mama," mpiga ngoma akajibu, "mimi sijasema ni wa nani. Miguu ndiyo imesema."

Nikauinua mguu mfupi, nao ukakataa kushuka. Mkono wa mpiga ngoma ukabaki juu ya ngoma, ukinisubiri. Nilihesabu hadi kumi. Nikahesabu tena. Maji yalinimwagikia shingoni. Madawati ya darasani nilishaanza kuyasikia. Mwishowe vidole vyangu vikachoka, ndoo ikaanguka chini, pwaa! Naye, kwa kudhani ni mguu, akapiga du!

Mguu ulikuwa bado juu.

Soko lilimcheka yeye. Wanawake wa omena walishikana mabega.

"Nyako, msichana wewe," mpiga ngoma aliniambia akijipangusa machozi, "umeniuza bei ya hasara! Kesho njoo ukae upande huu wa ngoma. Huko nje ni hatari."

Watu walisema nilikuwa na akili ya kuchekesha. Akili gani? Nilikuwa nimeganda kwa woga. Mpaka leo naganda jukwaani, na wanaolipa kiingilio wanaita kipaji. Mimi sibishani na mteja aliyeridhika.

Mpiga ngoma alishazikwa, Dani pia. Bomba limekauka. Kila duka lina spika mlangoni, na nyimbo zinapigana ngumi njia nzima. Jumamosi nilihesabu kutoka palipokuwa na kibanda cha Dani: hatua hamsini na saba. Nikarudia: hamsini na saba. Hakuna aliyegeuka. Kwenye kelele ile mtu anaweza kuchechemea hadi uzee bila kusikika.

Nikarudi pale alipoketi mpiga ngoma, nikauinua mguu. Nikahesabu hadi kumi, mara mbili. Kisha nikaushusha mwenyewe.