Kadi Ilikubaliwa, Gari Likagoma

Nilipostaafu kazi ya reli niliogopa kitu kimoja tu: kuwa mzee ambaye vijana humwamkia haraka haraka na kupita. Nyumba yetu ya wageni pale Cheyo, Tabora mjini, ilitupatia riziki, lakini riziki yenyewe ilitokana na jasho la mke wangu. Yeye ndiye aliyesimamia vyumba na jiko, yeye ndiye aliyefuata asali Ipole kwa kirikuu yetu, kigari kidogo cha mizigo, akaja kuiuza pale mapokezi. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa barazani na kuwaeleza wageni mambo ambayo hawakuniuliza.

Halafu nikaenda Dar es Salaam kumwona binti yetu. Kwenye maegesho ya jengo la ofisi anakofanyia kazi nikamwona mama mmoja anashuka kwenye gari la umeme. Alichomeka waya, akagusisha kadi ya benki kwenye kioo kidogo cha mashine ya ukutani, ikalia mlio mmoja, naye akaingia zake ndani. Hapakuwa na mhudumu wala habari za kutafutiana chenji. Nilisimama pale nikashangaa hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Nilirudi Tabora na maneno mengi.

"Mama, tutaweka mashine," nilimwambia mke wangu.

"Ya kusaga?"

"Ya kuchajia magari ya umeme. Mtu anagusisha kadi, analipa, basi."

"Magari ya nani?"

Swali hilo nililiruka. Badala yake nilimpa hotuba. Nilimkumbusha kwamba Tabora tangu enzi za misafara ndipo watu walipotua mizigo wakapumzika, na kwamba hata leo anayekwenda Kigoma anapita hapa, anayekwenda Mpanda anapita hapa. Magari yatakuja tu.

"Wapagazi walikuwa wanakula ugali," alisema. "Huyo wa umeme nitampikia nini?"

Nikaiweka. Fundi alitoka Dar akaja kuisimika karibu na ukuta wa maegesho, chini ya kijipaa cha bati. Alipokuwa akinielekeza mimi nilikuwa nimevaa koti, nimeiegemea ile mashine, jirani ananipiga picha. Niliitikia "ndiyo, ndiyo" kila fundi aliponyamaza.

Miezi ikapita bila gari hata moja. Kila asubuhi niliifuta mashine vumbi kwa kitambaa. Mbuzi wa jirani waliipenda sana, walikuja kujikunia migongo. Wapita njia walipouliza ni nini kile, niliwaeleza kwa kirefu, na kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yangu, nilizidi kuongeza maneno. Nilikuwa nimetazama video kadhaa kwenye simu, nyingine nusu nusu kwa sababu bando liliisha. Nikajiona bingwa.

Ndipo ikaja harusi. Binti wa mfugaji nyuki mmoja wa Ipole, yule anayetuuzia asali, alikuwa anaolewa na kijana wa Nzega, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani hapo mjini. Bibi harusi na shangazi yake walilala kwetu ili wajiandalie hapo. Gari la kumbeba lilikuwa la kaka yake bwana harusi, na lilikuwa la umeme. Walichagua nyumba yetu kwa sababu ya bango la mashine nililokuwa nimelitundika barabarani. Mke wangu aliponipa habari hiyo, nilikwenda kupiga koti pasi.

Kaka mtu alifika asubuhi kutoka Nzega, gari limepambwa maua na riboni, chaji imebaki kidogo kabisa. Alishuka na kuniamkia.

"Shikamoo mzee. Jana usiku umeme ulikatika kwetu, halikuchaji vizuri. Limefika hapa kwa neema ya Mungu."

"Marahaba. Umefika kwa wenyewe," nilisema.

Niliwaita wote watoke waone. Wapishi wakatoka, wageni wa vyumbani wakatoka, shangazi wa bibi harusi akatoka na vibanio vya nywele mdomoni. Nikachomeka waya mwenyewe. Kaka mtu akagusisha kadi. Mashine ikalia, na kwenye kioo yakatokea maneno: *Malipo yamekubaliwa. Asante.* Shangazi alitema vibanio, akapiga vigelegele. Nami sikuweza kuvumilia, nikatoa hotuba fupi kuhusu misafara na wapagazi, ambayo kwa bahati mbaya haikuwa fupi.

Watu walipotawanyika, kaka mtu alikuwa bado ameinamia tundu la waya.

"Mzee, mbona taa ya gari haiwaki? Kwa kawaida huwa inawaka kijani."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema tuangalie. Mimi nilimshika bega.

"Hiyo ya kijani ni ya zile chaji za nyumbani, za polepole. Mashine hii ina nguvu. Haina haja ya taa."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalikuja yenyewe, yamenyooka, kama ya mtu aliyesomea. Kijana alinitazama, akatazama koti langu, akaamini. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuwa kali, nikamwongezea ushauri ambao hakuuomba.

"Washa kiyoyozi kabisa, bibi harusi akute ndani kumepoa. Umeme upo wa kutosha."

Akawasha. Tukaenda kunywa chai.

Saa ya kwenda kanisani ilipokaribia, kundi la matarumbeta liliingia uani, likaanza kupuliza kuzunguka gari. Bibi harusi akatoka na gauni lake, mkia wake umeshikwa na shangazi, na uso wake ulikuwa wa kupendeza hata wapulizaji walipotea kidogo kwenye wimbo. Kaka mtu akafungua mlango wa gari. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kioo cha gari kikawaka maandishi mekundu, kikazimika, na kile kidogo kilichokuwa kimebaki asubuhi kikawa kimekwisha. Kiyoyozi kilikuwa kimekinywa chote.

"Mzee," alisema taratibu, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, "hii mashine haijaingiza kitu."

Nilikwenda nikagusisha kadi yangu mwenyewe. *Malipo yamekubaliwa. Asante.* Nikagusisha tena. Ikanishukuru tena. Matarumbeta yalikuwa bado yanapiga, maana hakuna aliyewaambia wapulizaji waache, nami nilisimama pale nikishukuriwa na mashine mbele ya watu.

Mke wangu hakunitazama hata. Alikwenda chumba cha akiba, akarudi na shuka jeupe, akalitandika kwenye kiti cha kirikuu. Kirikuu ile ilikuwa imetoka Ipole siku iliyotangulia, na ilinukia nta na moshi wa kufukizia nyuki. Alihamisha riboni kutoka gari la umeme, akazifunga kwenye vioo vya pembeni. Kisha akanirushia funguo.

"Endesha," alisema. "Na usiongee."

Bibi harusi alikaa katikati, shangazi akaminyika mlangoni. Gauni lile lilikuwa kubwa mno. Lilijaa mbele yetu kama povu, likafunika miguu ya wote watatu, na likameza gia. Niliingiza mkono ndani ya lesi kuitafuta, nikashika goti la mtu, nikatoa mkono kana kwamba nimegusa moto.

"Nisamehe, mwanangu. Sioni gia."

"Baba, wewe kanyaga klachi," alisema bibi harusi. "Gia nitaweka mimi."

"Unajua?"

"Nimejifunzia kwenye gari la baba, la kubebea mizinga ya nyuki."

Basi tukaenda hivyo. Mimi nilikanyaga, nikasema "mbili", naye akaingiza mkono chini ya gauni, gia ikaingia bila hata kukwaruza. "Tatu, mwanangu." Ikaingia. Kwenye mataa na matuta tulishuka pamoja hadi moja, tukapanda tena. Matarumbeta walikuwa mbele yetu kwenye gari lao, na watu kando ya barabara waliacha shughuli zao kutazama kirikuu yenye riboni ikipita. Nilijaribu kuomba radhi.

"Mwanangu, siku ya leo nimekuharibia..."

"Baba, tatu," alinikatiza. "Umekanyaga klachi, sema namba."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kufuta machozi kwa pindo la shela, na bibi harusi akaambukizwa, na mwisho nikacheka na mimi. Tulifika kanisani tukicheka. Bwana harusi alikuwa kwenye ngazi anatazama barabara kwa wasiwasi, na alipomwona mchumba wake anashuka kwenye kirikuu ya asali alishuka ngazi mbio mbio kumpokea. Umati ukashangilia kuliko ambavyo ungeshangilia gari lolote.

Misa ilipoanza nilibaki nje nikampigia fundi.

"Mzee, ile mashine iko kwenye majaribio," alisema. "Inapokea kadi kwa kujaribu tu, haikati hela wala haitoi umeme. Nilikwambia ukiwa tayari kuanza kazi unipigie niifungue."

"Uliniambia lini?"

"Siku ile ulipokuwa unapigwa picha."

Aliifungua kutoka huko huko Dar kwa mtandao. Jioni kaka mtu aligusisha kadi tena, na taa ya gari ikawaka kijani. Tulisimama wawili tukiitazama.

Nilidhani nitajificha nyumbani, lakini wenye harusi walituma mtu kutufuata mimi na mke wangu. Ukumbini mshereheshaji alikuwa amekwisha kusimuliwa yote. Alinisimamisha mbele ya watu, akaomba dereva na utingo wake wacheze, na ikabidi nicheze na bibi harusi huku ukumbi mzima ukitupigia kelele: "Mbili! Tatu!" Mke wangu alicheka hadi akaegemea meza. Sikumbuki mara ya mwisho niliyomchekesha kiasi kile.

Niliporudi kuketi, shangazi alinisogezea sahani ya pilau.

"Baba, hebu niambie. Ile mashine yako, simu inaweza kuchaji?"

Nilifungua mdomo. Nilihisi maelezo marefu yanapanda, yamejipanga vizuri, yenye nguvu za umeme na aina za waya. Nikameza pilau kwanza.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Njoo kesho tumpigie fundi tumuulize."

Asubuhi alikuja kweli, na simu yake. Mke wangu aliichukua, akaichomeka kwenye soketi ya mapokezi, akamwekea kiti na kikombe cha chai, wakaanza kuongea habari za asali.