Ukuta Ambao Haukuwa Wodini

Wakuu, hamjambo. Mimi hukaa huku nyuma nikiwasoma tu, lakini leo acha nitoe hili lililonikaa kifuani. Yote ni kweli. Hata ile sehemu ya uongo ni kweli, mtaona.

Naishi Matisi, Kitale, nauza mitumba. Baba yetu alipougua aliletwa hospitali ya hapa mjini kutoka nyumbani Misikhu, na mimi ndiye nilikuwa karibu. Wiki tatu nikaenda na kurudi.

Ukiuguza mtu, siku huingiana. Jumatatu inakuwa Alhamisi. Asubuhi ukungu, jioni ukungu, nikawa natembea kama niko usingizini.

Akatuacha asubuhi moja nikiwa nakunja blanketi lake.

Kabla mwili haujafika nyumbani, binamu yetu akaandika kwa group ya familia: "Wafula hakukanyaga hospitali hata siku moja. Mzee aligeukia ukuta akasema huyo asinyolewe na wenzake."

Kwa wasiojua: kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi familia hukaa pamoja, watu wananyolewa nywele, na aliyemuuguza marehemu husimama kueleza ugonjwa na maneno ya mwisho. Akisema, limesemwa. Ukikosa kunyolewa na wenzako ni kama umeambiwa huna baba.

Wafula ni mdogo wangu, kitinda mimba. Anafanya biashara ya mahindi Moi's Bridge.

Mara ya kwanza kusoma ile message nilijiuliza, mbona mimi sikusikia? Lakini nilikuwa nimechoka, bana. Nikaweka simu chini bila kujibu.

Tukikata kabeji za matanga, shangazi akaniuliza, "Ati Mzee aligeukia ukuta?" Nikasema sijui. Kesho yake mwingine akanipa pole, "Umeona mambo mazito, mama." Nikanyamaza.

Sijui ilinijia saa ngapi, lakini nilianza kuiona. Baba anavuta blanketi la kijani, anageuka polepole. Mvua inapiga dirisha. Na sauti yake, wakuu, sauti yake kabisa, inasema yale maneno. Nililia nikiikumbuka.

Siku ya kunyoa nikasimama. Nikasema yote, hata mvua nikaiweka.

Wafula aliniangalia tu. "Dada, si nilikuja na uji? Si ulinishikia flaski?"

"Wafula, usidanganye mbele ya watu," nikamjibu. Mungu anisamehe. Flaski nilikuwa naikumbuka, ila mkononi mwa shangazi.

Akachukua koti akaondoka. Sisi wote vipara vinang'aa juani, yeye peke yake anateremka kando ya shamba la mahindi na nywele zake kichwani. Hakugeuka nyuma.

Baada ya wiki mbili, dada yetu Nekesa aliye Saudia, ambaye hakuweza kuja kuzika, akasikia niliyoyasema. Akanitumia voice note niliyomtumia mimi mwenyewe wakati wa ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeshabadilisha simu, voice note zangu zote zilipotea.

Nikaibonyeza.

Hakuna mvua. Ni mchana, sahani zinagongana. Nasikia mimi nikisema, "Nekesa, leo Mzee amemaliza uji wote. Wafula ndiye amemnywesha."

Halafu Baba, kwa mbali, sauti nyembamba: "Na yeye amekula? Ametoka mbali huyo."

Nilikaa chini kwa mitumba yangu. Pole pole wodi ikarudi. Kitanda cha Baba kilikuwa katikati, kati ya vitanda vingine viwili. Hakukuwa na ukuta wa kugeukia.

Nikaipeleka ile voice note kwa group. Binamu akaandika, "Mimi pia niliambiwa tu." Shangazi naye mpaka leo anashikilia ati aliusikia ule ukuta kutoka kwangu nikilia, na mtu halii uongo. Nimjibu nini? Hiyo kumbukumbu nilimpa mimi.

Nikanunua wembe, nikaenda Moi's Bridge. Kimila si mimi wa kunyoa, najua, wanaojua mila msinipige mawe. Nilimwomba Wafula msamaha nikiwa nimesimama mlangoni, nikamsikilizisha sauti ya Baba. Akalia. Kisha akaketi juu ya gunia.

Wembe ulipofika karibu na sikio akauliza, "Sasa unakumbuka, dada?"

Nikamwambia ukweli. Nikifunga macho, mvua bado inanyesha na Baba bado anageuka. Haijatoka. Ila siiamini tena.

Akainamisha kichwa nimalize.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo tu. Ukisoma jambo ambalo hukuliona, sema mapema "sikuliona", ukiwa bado unajua hivyo. Mimi nilinyamaza siku moja, ya pili nikawa shahidi.

Na wewe, kuna kitu unakumbuka vizuri sana dhidi ya mtu wako? Kabla hujaniandikia hapa chini, mpigie kwanza simu umwulize.