Mama Kufuli na Kontena la Maabara

Hospitali nzima ilimwita Mama Kufuli, na jina likamkaa. Yeye ndiye mtunza kompyuta, na mdomo wake haukujua likizo. Ukiacha kompyuta wazi ukaenda kunywa chai, ukirudi unamkuta mlangoni, mikono kiunoni. Adhabu yake haikuwa na rufaa: unapewa kalamu, unaandika kosa lako mwenyewe kwenye ubao wa koridoni, kila apitaye asome. Wiki iliyopita tu alimwandikisha mtaalamu wa maabara, mtu mzima na mvi zake, kwa kubandika neno la siri kwenye hadubini.

Basi asubuhi moja likaja tangazo la hatari. Programu zote za hospitali zilikaa kwenye mashine moja, kila moja ndani ya kontena lake. Usifikirie yale ya chuma. Haya ni vyumba vya ndani ya kompyuta, na ipo programu mlinzi inayovifungua na kuvifunga. Sasa mlinzi mwenyewe ana tundu! Mwizi akiingia kontena lililopewa mamlaka ya mashine nzima, anatoka humo na kusoma faili la kila mgonjwa.

"Mjinga gani atalipatia kontena mamlaka yote hayo?" alisema peke yake, akacheka. Kisha akafungua orodha ya mamlaka.

Ni yeye. Miaka miwili nyuma printa ya maabara iligoma, madaktari wakipiga kelele, naye akalipatia kontena la maabara mamlaka yote ili majibu yatoke. Yakatoka. "Nitayaondoa kesho," alisema. Ama kweli mganga hajigangi.

Aliyaondoa haraka, akaziba tundu, kisha akaanza kutafuta nyayo za mwizi. Kumbukumbu za walioingia siku thelathini za karibuni zilikuwa safi. Za nyuma yake hazikuwepo, maana yeye mwenyewe aliagiza kumbukumbu zifutwe kila mwezi ili kuokoa nafasi. Mungu wangu!

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alikaa, akainuka, akakaa tena. Mwisho akashika kalamu, akaenda koridoni, akaandika: "Kontena la maabara, mlango wazi miaka miwili. Mimi."

Mtaalamu wa maabara alikuwa anapita. Alisoma, akaangua kicheko. "Lo! Leo kufuli limekamatwa wazi! Karibu ubaoni, mama."

Mama Kufuli hakucheka. Mwaka jana mke wa bwana huyu alitibiwa hapahapa, ugonjwa ambao hata dada zake hawakuambiwa.

Kicheko cha mzee kikakatika. "Ngoja kwanza. Kuna mtu aliingia?"

"Sijui, kaka."

"Na faili la wifi yako?"

"Limo."

"Utajua lini?"

"Sitajua. Kumbukumbu nilizifuta."

Mzee aliutazama ubao, akamtazama yeye. "Sasa nikifika nyumbani nimwambie nini?"

Mama Kufuli aliugeukia ubao, akaongeza chini: "Kumbukumbu nilizifuta. Mimi."