Mwanamke Aliyekalia Kiti cha Katikati

Kabla hujafungua mdomo kuniambia lilikuwa joto, au njaa, nakujibu mapema: nilikuwa nimekula, na ilikuwa saa tisa mchana. Ni kile kiangazi ambacho nyasi za bustani zote za Birmingham zilikauka zikawa rangi ya maganda ya karanga. Sikuwa usingizini. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, sebuleni mwa watu, Bordesley Green, na wallahi sina faida yoyote ya kukudanganya. Ningekuwa natunga, si ningejipa sehemu nzuri zaidi? Subiri uone nilivyofanya.

Mimi ni Msomali wa Mombasa, nimekulia Majengo, nikapitia Uholanzi miaka saba kabla ya kufika hapa. Huko Uholanzi ndiko nilikojifunza ufundi wa vyombo vya sauti: amplifaya, spika, mashine za diski. Hapa nina kichumba nyuma ya duka la mshonaji, Kings Heath, na watu huniletea vitu vyao vikiwa vimekufa au vinakaribia kufa.

Basi siku hiyo simu ikalia. Sauti ya mzee, Kiswahili cha Kisumu kilichonyooka, salamu hakuna.

"Wewe ndiye fundi? Mwimbaji hayupo."

"Hayupo wapi, mzee?"

"Kwenye diski! Ngoma iko, fidla iko, mwimbaji hayupo. Mafundi watatu wamekuja, wote wajinga. Na wewe ukiwa mjinga sema sasa hivi, usinipotezee siku."

Ningekata simu. Mtu mwingine angekata. Lakini mimi nilishajua ugonjwa wa mashine yake hata kabla hajamaliza kunitukana, na kujua kuna kiburi chake.

Nikueleze kidogo, maana bila hili hutanielewa. Kuna diski ambazo si sidii za kawaida. Zimerekodiwa kwa spika sita za kukuzunguka: ala zinatoka pembeni, makofi ya watu yako nyuma yako, na mwimbaji mara nyingi amewekwa peke yake kwenye spika ya katikati. Sasa wewe una spika mbili tu, na mashine inadhani unazo zote sita. Inafanya nini? Inampeleka mwimbaji kwenye spika ambayo huna. Ala unazisikia, yeye humsikii. Dawa yake ni ndogo. Diski nyingi za aina hiyo zina pia nakala ya spika mbili humo humo ndani. Unaiambia mashine isome hiyo, umemaliza. Kazi ya dakika tano. Dakika tano hizo, niamini, bado nazilipia.

Mzee mwenyewe alinifungulia mlango. Alikuwa Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe safi, fulana ya ndani kwa sababu ya joto. Nitamwita Mzee Kuldip. Akanitazama hijabu mpaka viatu.

"Kwani hawana mwanamume wa kumtuma?"

"Mimi situmwi na mtu. Mashine iko wapi?"

Sebule ilikuwa ya mbele, pazia zimefungwa nusu. Spika mbili nzuri sana zilisimama ukutani, ndefu kufika kifuani kwangu. Mbele yake, katikati kabisa, kulikuwa na kiti kimoja cha ngozi. Mtu anayejua muziki hukaa hapo, ndipo pande zote mbili zinakutana. Na kwenye kiti hicho alikuwa amekaa mama mmoja wa Kihindi, mzee kama yeye, suruali pana ya salwar ya kijivu na sweta juu yake. Sweta! Siku ile! Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Nikajisemea, haya, nyumba nzima ndiyo tabia yao.

Mzee Kuldip hakukaribia kiti. Alisimama karibu na mlango, mgongo ukutani, akanionyesha kwa kidole. Nikapiga magoti mbele ya mashine, nikawasha. Kweli kabisa: ngoma za tabla kushoto, fidla kulia, na pale ambapo mtu angeanza kuimba, kimya. Shimo.

Nikatoa skrini yangu ndogo ya kazi, nikaichomeka, nikafungua menyu. Imeandikwa spika sita. Nikabadilisha, nikacheza diski. Ikarudi sita. Hilo halikunishtua. Mashine zile nyingine hazikubali kubadilishwa diski ikiwa inazunguka, lazima uisimamishe kabisa. Nikaisimamisha. Nikabadilisha tena.

"Usiguse," akasema yule mama.

Alisema kwa Kiswahili, taratibu, bila kunitazama. Nikacheza diski. Ikarudi sita.

Nikajaribu kitufe cha mbele badala ya rimoti. Sita. Nikachomoa umeme, nikahesabu mpaka thelathini, nikarudisha. Sita.

"Nimekwambia usiguse. Huyu mwimbaji akirudi, kaka atakuja kukaa hapa. Mimi nitakwenda wapi?"

Nikageuka kwa mzee. "Mzee, mama anasema nisiguse."

Ungeuona uso wake! Alifumba macho kidogo kama mtu aliyepigwa na upepo wa vumbi, halafu akatabasamu. Tabasamu baya.

"Unamsikia?"

"Namsikia, kwani mimi kiziwi?"

"Vizuri. Usimsikilize. Nyumba ni yangu, mashine ni yangu. Tengeneza."

Mimi nilidhani ni ugomvi wao wa nyumbani. Ndugu wawili wazee, wamenuniana, mmoja anakalia kiti cha mwenzake kwa makusudi. Si umeshaona nyumba za hivyo? Ningeweza kufunga mkoba wangu nikawaacha. Lakini yule mama akainama, akaleta uso wake karibu na wangu, na akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

"Fundi wa uongo. Hata kitufe kimoja kinakushinda. Nenda kafagie."

Hapo nikakasirika. Nikwambie ukweli, nilikasirika vibaya sana, na hasira ile ilikuwa yangu, hakunipa mtu. Nikaisimamisha mashine. Nikaingia kwenye menyu, nikakuta mahali pa kuiambia kwamba spika ya katikati haipo, za nyuma hazipo, zipo mbili tu, ili mwimbaji aingizwe humo. Nikazifuta moja moja. Kila nilipofuta, yule mama alisema, "Acha." Nilipofika ya katikati alinishika mkono. Vidole vyake havikuwa baridi, kama unavyosikia watu wakisema. Vilikuwa na joto la kawaida la mtu.

"Tafadhali, mwanangu," akasema.

Nilimsikia vizuri. Alisema tafadhali. Nikabonyeza.

Mwimbaji akaingia. Mwanamke, sauti nzito, tamu, imejaa chumba chote. Mzee Kuldip akapiga kofi moja kubwa, akavuka sebule kwa hatua tatu, hatua za kijana, akajitupa kwenye kile kiti.

Alikaa juu yake.

Nielewe. Yule mama hakuondoka. Mzee alikaa pale pale alipokuwa amekaa dada mtu, mapaja juu ya mapaja, mgongo wake kifuani mwa yule mama, akaegemea nyuma, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Na juu ya kilemba chake cha buluu nikauona uso wa yule mama ukinitazama. Midomo yake inacheza. Anapiga kelele, mishipa ya shingo imesimama. Sauti hakuna hata chembe.

Sijui nilitokaje. Najua mkoba nilikuwa nao na skrini yangu niliiacha. Nilijikuta karibu na hospitali kubwa ya mtaa ule, nimekaa kwenye kituo cha basi, na mwanamke mmoja Mkongo ananiuliza kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa kama mimi ni mgonjwa, "Mama, uko malade?" Alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilimsikia vizuri.

Kesho yake asubuhi mteja alikuja dukani, akasimama mbele ya meza yangu. Midomo ikacheza. Kimya. Nikadhani ananitania. Nikamwambia aache mchezo, akashangaa, akageuka kuonyesha redio aliyokuja nayo, na alipogeuka tu sauti ikatokea katikati ya sentensi.

Jioni ikawa kwa binti yangu. Ana miaka kumi na mitano, tunakula tumeelekeana. Naona anaongea, anaongea, uso unabadilika, anacheka, halafu anakasirika. Sikusikia neno. Akainuka kwenda kwenye birika, na alipofika ubavuni mwangu nikamsikia akilia, ananilaumu kwa Kiingereza chake kwamba sijali.

Ndivyo nilivyo mpaka leo. Mtu akiwa kushoto, namsikia. Kulia, namsikia. Akisimama mbele yangu sawasawa, sauti yake haifiki. Nimepimwa masikio mara mbili, yote mazima. Sheikh amenisomea. Daktari ananiambia ni mawazo.

Baada ya wiki tatu nikarudi Bordesley Green. Kutoka barabarani niliusikia muziki. Mzee akafungua mlango, midomo yake ikaanza, na mimi ikanibidi nigeuke, nisimame ubavu ubavu pale mlangoni kama mtu anayengoja basi, ili nimpate.

"...skrini yako hii, chukua uende."

"Mzee, yule mama ni nani?"

"Dada yangu. Manjit. Miaka kumi na moja tulikaa humu bila kusemezana. Kila nikiwasha muziki anakuja kukaa pale, anaongea juu ya nyimbo mpaka mwisho. Nikamzika, nikasema sasa nitapumzika. Wapi!"

"Na wewe ulijua atanidhuru?"

"Mafundi wale watatu walimsikia, wakakimbia. Wewe peke yako uliendelea." Akaniwekea skrini mikononi. "Mimi nilimwambia anyamaze maisha yangu yote. Wewe ndiye uliyemnyamazisha. Asante."

Nikamwomba aniruhusu niingie, dakika moja tu, niirudishe mashine ilivyokuwa. Nikamwomba basi hata yeye aongee na dada yake, amwombe msamaha kwa niaba yangu. Nililia, sioni haya kusema.

"Nimwombe? Mimi?" Akafunga mlango. Ndani, yule mwimbaji hakuwa amepumzika hata kidogo.

Nimerudi mara nne. Hafungui tena.

Kwa hiyo nisikilize, wewe ambaye kazi yako ni kuingia majumbani mwa watu na bisibisi. Ukimkuta mmoja anasema tengeneza na mwingine anasema usiguse, weka vifaa chini. Uliza nani ni nani. Na ukisikia neno tafadhali, usilipite, hata kama aliyelitamka amekutukana dakika moja kabla. Fundi anaweza kurudi kesho. Kesho yangu mimi ndiyo hii unayoiona.

Na siku ukija Kings Heath kuniletea chombo, usisimame mbele yangu. Watu wananiona mwenye dharau, wanaondoka. Zunguka meza, njoo huku upande wa dirisha, ndipo useme shida yako.