Kahawa ya Mgeni

Clotilda alikuwa na dharau za aina mbili: ya kazini, ambayo aliificha, na ya nyumbani, ambayo baada ya miaka tisa ya ndoa ilikuwa haifichiki tena. Zote zilimhusu mtu mmoja, mumewe Apolinary. Wote wawili walikuwa waokoaji katika kikosi kimoja pale Bukoba.

Clotilda alizaliwa karibu na Rubya, mtoto wa sita wa wakulima, na alijua kubeba kabla hajajua kusoma. Alibeba mikungu ya ndizi, akabeba maji, akabeba wadogo zake. Siku ya mafunzo alipoambiwa ambebe mgongoni mwanamume mzima kuzunguka uwanja, alizunguka mara mbili kwa sababu hakusikia alipoambiwa atue. Aliyebebwa siku hiyo alikuwa Apolinary. Clotilda angepaswa kuelewa tangu hapo.

Maana bwana yule alijaliwa kipaji kimoja tu. Akitakiwa nyumbani, ana kazi. Akitakiwa kazini, ana familia. Binti yao Evelyne akipata homa, baba yuko zamu na zamu haina wa kuishika. Soko likishika moto, baba anauguza mama yake. Mama mwenyewe, Ma Kemilembe, alilima kibanja chake cha migomba kule Kishanda kila asubuhi kwa mikono yake, lakini kikosini ilijulikana kwamba ameshalazwa mara kumi na moja na kuzidiwa mara tatu. Halafu ile sare. Ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na haikuwahi kuwa na doa, jambo ambalo kwa mwokoaji ni aibu tupu, ila aibu huwapata wenye nayo.

Masika hayo redio ilitangaza kimbunga huko pwani. Watu wa Bukoba walisikiliza huku wakimenya ndizi, maana kimbunga ni mambo ya watu wa bahari. Jumanne saa nne asubuhi upepo ukatoka ziwani, ukang'oa mabati, ukalaza migomba, na mvua iliyofuata ikaujaza mto Kanoni mpaka ukaingia katika nyumba za mtaa wa Bakoba. Nyumba ya Clotilda ilikuwa bondeni kabisa. Ndani yake walikuwemo Evelyne, mwenye miaka sita, na Ma Kemilembe, aliyekuja mjini kumlea mjukuu.

Kikosini walikuwa na utaratibu wao: mke na mume wakiwa zamu moja na nyumba yao imo hatarini, mmoja anaruhusiwa kwenda, mwingine anabaki. Mkuu wao, Afande Rweyemamu, hakumaliza hata kuuliza nani anakwenda. Mkono wa Apolinary ulikuwa umeshafika juu.

"Niende mimi," Clotilda alisema. "Naogelea kumshinda."

"Ni mama yangu mzazi yule, Afande," Apolinary akasema, na sauti ikamkatika vizuri sana.

Clotilda akanyamaza. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kwa miaka tisa alikuwa amemdharau mumewe kwa kila kitu, lakini hata yeye hakuwa amefika mahali pa kudhani kwamba mtu anaweza kudanganya kwa jina la mama yake aliyezingirwa na maji.

Akapelekwa mtaa wa juu kidogo, ambako watu walikuwa wamepanda juu ya paa. Baada ya nusu saa alimpigia mumewe simu.

"Umewapata?"

"Ninao hapa, usijali. Fanya kazi yako."

Akafanya kazi yake. Alibeba watu kumi na wanne kwa kamba na madumu matupu yaliyofungwa pamoja, akipita katika maji yaliyomfika kifuani. Wa kumi na nne alikuwa Mastura, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye mkondo ulikuwa umemzuia huku akirudi kutoka dukani.

"Clotilda, wewe uko huku?" Mastura alisema meno yakigongana. "Binti yangu kanipigia. Anasema bibi yenu anaita tangu asubuhi. Mlango umezibwa na gogo, hakuna anayeweza kufika."

Juu ya paa walikuwa wamebaki wawili, mzee Twaibu na mkewe Safina, na bati lao lilikuwa linalegea. Clotilda akamwita mkuu wake kwa redio, akaomba kwenda.

"Malizia hao wawili kwanza," Rweyemamu akasema. "Pole sana, mama. Nakutumia mtu."

Mtu wa kutumwa hakuwepo, na yeye na mkuu wake walijua. Aliwashusha wale wazee mmoja mmoja, akilia waziwazi, na mzee Twaibu akawa anampigapiga begani kana kwamba yeye ndiye mwokoaji. Ilichukua robo saa. Robo saa hiyo Clotilda hajawahi kuisimulia.

Aliingia kwake kwa kung'oa bati la jikoni. Ma Kemilembe alikuwa amesimama juu ya meza, maji kifuani, Evelyne mabegani kwake, na mikono ya bibi imeganda kwenye miguu ya mtoto hata ikabidi ibanduliwe kidole kimoja kimoja.

"Apolinary yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Yuko kazini, mama," Clotilda alisema, kwa mazoea.

Jioni shujaa akatokea kwenye shule walikolala waliookolewa. Alikuwa amepigana na mkondo, alisema. Alizuiwa na daraja, akaokoa mtoto wa watu njiani, na koti lake la mvua likachukuliwa na maji. Simu je? Alisema hivyo ili mkewe asivunjike moyo. Watu wakampa pole, naye akaipokea yote. Clotilda akatazama viatu vyake. Vilikuwa vikavu mpaka kwenye kamba.

Jumapili wakawa Kishanda, kwa Ma Kemilembe, na ndugu wakaja kuwapa pole. Katika masimulizi yake Apolinary alikuwa amefika kwenye daraja kwa mara ya nne aliposimama mlangoni Josia, kinyozi wa mjini, mtu mwema asiye na hila.

"Poleni waitu," Josia alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Afande, nimekuletea koti lako, ulilisahau saluni. Siku ile ulituchangamsha sana, tangu upepo unaanza mpaka mvua inakatika."

Koti lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Nilijua majirani watakuwa wameshawatoa," Apolinary alisema.

Ma Kemilembe akainuka. Akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni anapoingia, wala hapewi mtoto wa nyumba anayejichotea mwenyewe. Akampita Josia. Akatandika mkeka mpya mbele ya mwanawe, akapiga magoti, akamnyooshea kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu waitu," alisema kwa adabu zote. "Umetoka mbali? Na kwenu hawajambo?"

Apolinary akamtazama mkewe, kama alivyozoea anapotaka kutolewa mahali. Clotilda alikuwa anamsuka Evelyne nywele, na hakuacha kusuka.

Apolinary akachukua punje mbili. Alikaa nazo kiganjani mpaka ndugu wote wakaondoka.