Wanaoimba Kwenye Mianzi

Nilipokuwa mtoto kwetu Iringa, ndugu wakigombana hawakuachwa wasemezane nyumbani. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa anawapeleka kwenye mianzi yetu ya kugema ulanzi, ile pombe ya kwetu, anawakalisha chini, wananyamaza mpaka yeye aseme basi. Mkeka wake tulikuwa tunabeba mimi na Oliva, binti wa baba mdogo. Upepo unapita juu, nyenze wanalia, na mtu aliyekuja amevimba shingo kwa hasira unaona tu mabega yanashuka.

"Humu wako wanaoimba," Bibi alikuwa anasema. "Sikio haliwapati. Kichwa kinawapata."

Mimi nilijua ni mizimu. Nilikuwa naogopa, na huku napenda.

Halafu wakagombana baba na baba mdogo. Baba mdogo alikuta mbeta zake, zile za kukingia ulanzi, ziko tupu asubuhi, akasema kaka yake kamgemea kwa wizi. Bibi akasema twendeni kwenye mianzi. Sasa baba ndiyo kwanza alikuwa kaezeka nyumba yake bati, la kwanza ukoo mzima, akataka wakae humo, kwenye viti, kama watu.

"Ugomvi wa kwenye bati hautoki," Bibi akamwambia.

Baba akacheka. Mvua ikashuka, bati likapiga kelele, wakawa wanapaza sauti ili wasikilizane. Na mtu akishapaza sauti, hasira inakuja yenyewe. Baba mdogo akahamia mbali, Igawa, na watu wake. Oliva hata hakuniaga.

Siku hizi nakaa Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa mwanangu. Asubuhi wanatoka wote, nabaki na friji inanguruma. Ugomvi wote wa ukoo ninao mimi, wenyewe walishakufa.

Juzi mjukuu wangu alipita kwetu Iringa, akanirekodia mianzi kwenye simu. Nikasikiliza. Upepo upo, nyenze wapo. Mabega hayakushuka. Nikamwambia wale wanaoimba hawamo. Nilidhani atanicheka.

"Bibi, simu haichukui zile sauti nyembamba sana, zinazopita uwezo wa sikio," akasema. "Kuna wataalamu wanasema ubongo unazipata, mtu anatulia bila kujua. Wengine wanabisha."

Wabishe tu. Bibi yangu hakushika kalamu, kama mimi, lakini hilo alilijua. Kama ni mizimu, kama ni nyenze, sijui. Ninachojua, baba alichagua bati, na mimi nikakosa dada mpaka nimezeeka.

Namba ya Oliva nilipewaga msibani, sijawahi kuipiga. Nikamwambia mjukuu apige. Oliva akapokea, sauti ya kizee kama yangu. Nikasema ni mimi.

"Mvua zikianza twende kwenye mianzi," nikamwambia. "Mkeka nitabeba mimi."

Hakuitikia. Nikakaa na simu sikioni muda mrefu, sisikii kitu. Lakini hakukata.