Afande Swaib na Uchaguzi wa Kesho

Mimi ukinitajia habari za Kairo, damu inanichemka. Sijafika huko wala sina ugomvi na watu wake. Ugomvi wangu ni na Swaib, dereva wa lori wa hapa Bwera, aliyetuletea hizo habari.

Wakati wa vita vya Wazungu Swaib aliendesha malori ya jeshi kule Misri. Alirudi na Kiarabu, koti la kaki na jina la Afande. Baadaye akanunua lori kuukuu na redio, akawa anaiunganisha kwenye betri ya lori. Soko likifungwa tunakaa kando ya tairi, yeye anasikiliza Kairo, halafu anatufasiria.

Mwaka wa hamsini alitupa habari za Uturuki. "Chama moja imetawala tangu sisi wadogo," akasema. "Watu wamepiga kura, wakubwa wametoka bila hata risasi moja. Na ile adhana waliyolazimishwa kuitoa kwa Kituruki, sasa imerudi kwa Kiarabu." Wahab, muadhini wetu, alitokwa na machozi. Nami nilifurahi, wallahi. Nikajiuliza: kama wakubwa wa Uturuki wametoka, huyu Isa wetu ni nani?

Isa ndiye aliyekuwa mkubwa wa soko, na hakuna aliyemchagua. Nafasi yangu ya kuuzia chumvi, pale mlangoni chini ya mabati, aliichukua akampa shemeji yake Habibah. Mimi akanisukuma nyuma kwenye tope. Chumvi ya Katwe ikishika maji umekwisha, unabaki kutazama gunia linavyolia.

Basi maafisa wa jeshi walipomfukuza mfalme wa Misri, Swaib alipiga honi mpaka mbuzi wakakata kamba. "Maafisa watasafisha nyumba, halafu warudi kambini, raia wachague!" Tukaona na sisi tusafishe. Mimi ndiye niliyezunguka kwa wanawake, nyumba kwa nyumba, tukamtoa Isa. Swaib akashika soko kwa muda tu. Aliapa mbele ya msikiti.

"Mama Hajara," akaniambia, "mvua ikikatika tutapanga mustari. Kila mutu asimame nyuma ya mutu anayemupenda. Na nafasi yako utarudishiwa."

Mvua ikakatika. Ikanyesha tena, ikakatika tena.

Kila nikimuuliza ananijibu kwa redio. Eti hata Kairo wameahirisha. Eti vyama vimepigwa marufuku kwa sababu vinaleta fujo. Siku moja redio ikasema wanajeshi watarudi kambini na kura itapigwa. Nikavaa leso mpya, nikamfuata. Kabla sijamaliza salamu, akaniambia wameghairi.

"Kwani wewe ni serikali ya Misri?" nikamuuliza. "Hapa kuna wauza nyanya, Afande! Fujo gani?"

"Polepole, mama. Kwanza utulivu."

Utulivu! Na Habibah bado yuko mlangoni, maana siku hizo alikuwa anampelekea Swaib chai asubuhi. Hata wale Waturuki walioingia kwa kura, tukaja kusikia wanafunga waandishi wa magazeti. Hiyo habari Swaib aliifasiri mbiombio, akabadilisha stesheni. Mimi niliisikia vizuri.

Kisha reli ikafika Kasese. Kila mtu akaingia biashara ya samaki wa ziwani, akataka wake wawahi treni, na lori la kuwafikisha lilikuwa moja tu, la Swaib. Hapo ndipo Swaib akakumbuka kiapo chake. Akatangaza mstari, Ijumaa baada ya swala.

"Nani atashindana na mimi?" akauliza. Wanaume walitazama viatu vyao, na wengi hawakuwa na viatu. Nikasimama mimi. Nilitaka nafasi yangu, basi.

Swaib akasimama mbele ya lori, limeshapakiwa samaki wa watu mpaka juu. "Pangeni," akasema huku anatabasamu. "Ninawaona wote. Tukimaliza tu, gari inaondoka."

Watu wakapita mbele yangu, macho chini. Wahab akapita, na machozi yake ya Uturuki. Ramula, jirani yangu, ambaye tulikuwa tukimlaani Swaib pamoja tangu mwaka juzi, alinishika mkono. "Nisamehe, dada," akaninong'oneza. "Samaki wangu wako ndani." Akaenda. Mstari wa Swaib ukafika mpaka msikitini.

Sikutaka hata kutazama nyuma yangu. Mara nikasikia mtu anakohoa, karibu kabisa. Nikageuka.

Alikuwa Isa. Isa yule yule! Amesimama wima na fimbo yake, peke yake, ndiye mstari wangu wote.

"Unafanya nini hapa?"

"Ninachagua," akanijibu, uso mkavu kabisa. "Hii mambo ya kuchagua iko muzuri sana, Mama Hajara. Mbona hamukuniambia zamani?"

Nilikuwa nimemwambia kila siku ya soko, miaka yote aliyokaa pale juu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshukuru, nikashindwa yote mawili. Lori likaunguruma, watu wakapiga makofi. Nikabeba gunia langu nikarudi nyuma, kwenye tope.